Mapango na mashimo ya migodi si kimbilio salama wakati wa dharura

Mvua katika Mkoa wa Ruvuma hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ni katika miezi hiyohiyo ambapo wananchi wa Peramiho na maeneo mengine ya Wilaya ya Songea hushinda mashambani wakipanda na kupalilia mahindi, mara nyingi mbali na makazi yao. Radi zinapoanza kupiga na upepo kuangusha matawi, mtu aliye shambani au machungani hutafuta chochote chenye paa. Pango lililo ubavuni mwa kilima, au shimo lililoachwa na wachimbaji, huonekana kuwa jibu la haraka: liko karibu, ni kavu, na mwamba ulio juu yake umedumu kwa miaka mingi kuliko nyumba yoyote ya kijijini.

Pamoja na mvuto huo, kimbilio la namna hiyo limegharimu maisha ya watu katika maeneo mengi, Tanzania ikiwemo. Sababu za hatari yake hazionekani kwa macho ya mtu anayesimama mlangoni, na ndiyo maana zinahitaji kuelezwa.

Songea ni mahali ambapo neno pango lina heshima yake. Katika milima ya Chandamali, ndani ya Manispaa ya Songea, lipo pango ambalo simulizi za wenyeji hulitaja kuwa maficho ya Nduna Songea Mbano wakati wa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Nduna huyo, ambaye mji ulichukua jina lake, alinyongwa na utawala wa Wajerumani mwaka 1906, na kumbukumbu ya vita hivyo huadhimishwa kila mwaka mjini Songea. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, nayo iliteketezwa katika vita hivyo. Kwa watu wa wakati ule, mwamba na msitu vilikuwa kinga ya kweli, kwa kuwa hatari iliyowakabili ilikuwa askari mwenye bunduki. Pango liliwaficha wasionekane na adui.

Mafuriko, radi, upepo mkali, moto na tetemeko la ardhi havimtafuti mtu kwa macho. Maji huteremka hadi mahali pa chini kabisa, gesi nzito hutuama shimoni, na mwamba uliolowa huanguka bila kujali ni nani aliye chini yake. Sifa ileile iliyolifanya pango liwe maficho mazuri, yaani kuwa ndani, chini na na mlango mmoja mwembamba, ndiyo inayoligeuza kuwa mtego katika maafa ya asili.

Hatari ya kwanza, na isiyofahamika vya kutosha, ni hewa. Hewa ya kawaida ina takribani asilimia 21 ya oksijeni. Kiwango hicho kikishuka hadi kufikia asilimia 16, mtu huanza kupumua haraka, kichwa kuwa kizito na uamuzi wake kuvurugika. Kikifika asilimia 10 huweza kuzimia, na kikishuka hadi asilimia 6 hufariki dunia ndani ya dakika chache. Jambo la kutisha ni kwamba upungufu wa oksijeni hauna harufu wala maumivu. Mwili wa binadamu hutambua zaidi ongezeko la hewa ya ukaa kuliko upungufu wa oksijeni, hivyo mtu anaweza kuhisi uchovu tu, akaketi apumzike, na asiinuke tena.

Katika shimo lenye mlango mmoja hewa hiyo hupungua kwa njia nyingi. Majani na magogo yaliyosombwa na mvua huoza na kutumia oksijeni. Hewa ya ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa takribani mara moja na nusu, hutiririka kama maji na kutuama sehemu ya chini. Watu wenyewe nao wanapumua: kundi la watu kumi waliojibana katika chumba kidogo cha mwamba huibadilisha hewa yake kwa saa chache. Mwaka 2018 nchini Thailand, wavulana 12 wa timu ya mpira na kocha wao walinaswa na maji katika pango la Tham Luang, na kabla ya kuokolewa oksijeni mahali walipokuwa iliripotiwa kushuka hadi asilimia 15. Mzamiaji mmoja wa zamani wa jeshi la wanamaji, Saman Gunan, aliyekuwa akipeleka mitungi ya hewa ndani ya pango hilo, alifariki katika kazi hiyo.

Kwa Ruvuma lipo jambo la ziada, nalo ni makaa ya mawe. Magharibi mwa Songea, katika Wilaya ya Mbinga, makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa kwa machimbo ya wazi, na malori yanayoyabeba ni sehemu ya maisha ya kila siku katika barabara za mkoa huu. Makaa ya mawe yaliyofunuliwa hunyonya oksijeni kutoka hewani na kutoa hewa ya ukaa hata yasipowashwa moto. Tabaka zake pia huweza kuachia gesi ya methani, ambayo ni nyepesi, hupanda juu na kujikusanya darini, na hulipuka ikikutana na mwali inapokuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kwa sababu hiyo, desturi ya kuingia shimoni na kibatari au mshumaa ili kupima hewa haifai kabisa katika eneo la makaa ya mawe. Hata kwingineko haitoshi: mwali hufifia oksijeni inapopungua, lakini haumwonyi mtu juu ya sumu ya kaboni monoksaidi.

Sumu hiyo wakazi wa nyanda za juu za kusini wanaijua kwa sura nyingine. Kila ufikapo msimu wa baridi wa Juni na Julai hutolewa tahadhari ya kutoingiza jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa familia nzima huweza kulala na isiamke. Pango ni chumba kilichofungwa. Mtu aliyelowa akiwasha moto ndani yake ili akauke, anatengeneza mazingira yaleyale aliyoonywa ayaepuke nyumbani, tena pasipo dirisha la kufungua.

Hatari ya pili ni maji, na hapa Tanzania haihitaji mfano wa mbali. Katika machimbo ya tanzanite ya Mererani, wilayani Simanjiro, mvua kubwa za mwaka 1998 ziliingiza maji migodini na kuua makumi ya wachimbaji. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa Machi 2008, maafa ya namna hiyo yalijirudia na makumi ya wengine wakapoteza maisha. Wachimbaji wa Mererani wana neno lao, mtobozano, kwa hali ya mashimo ya wachimbaji tofauti kukutana chini ya ardhi. Hali hiyo ina maana kwamba maji yaliyoingia katika mdomo wa duara moja huweza kutokea katika duara jingine ambalo juu yake hakuna hata dimbwi. Mtu aliyejificha katika shimo lililo kavu hawezi kujua shimo hilo limeungana na lipi.

Mapango ya asili hayana tofauti kubwa. Mengi yalichongwa na maji yenyewe, na mvua kubwa inaponyesha maji hurudia njia zake za zamani. Mvua inayojaza pango huweza kuwa imenyesha kilomita kadhaa kutoka hapo, juu mlimani, wakati mlangoni pa pango jua linawaka. Matope laini sakafuni, majani makavu yaliyonasa katika nyufa za juu, au mstari wa rangi ukutani ni alama kwamba maji yamewahi kufika kimo hicho. Ni dalili ambazo mtu aliyekimbia mvua, mwenye hofu na asiye na tochi, hazioni.

Kisha kuna mwamba wenyewe. Imani ya wengi ni kwamba jiwe halibadiliki, lakini maji yanayopenya nyufani huongeza uzito na kulegeza udongo unaoshikilia mawe. Shimo la mchimbaji mdogo hutegemea matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta na dari. Shimo likiachwa, matimba huoza na kuliwa na mchwa, na hakuna anayeyabadilisha. Januari 2024, katika machimbo ya dhahabu ya Ng’alita wilayani Bariadi, Mkoa wa Simiyu, kifusi kiliwafunika wachimbaji katika kipindi cha mvua na miili 22 ikaopolewa. Mwezi mmoja kabla, Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara iliyolowa kwa mvua ilimeguka, na tope lililoteremka hadi mji wa Katesh likasababisha vifo vya watu 89. Matukio hayo mawili ni tofauti kwa chanzo na ukubwa, ila yote yanaonesha kile ambacho mvua huweza kuufanyia mwamba na mteremko.

Tetemeko la ardhi ni suala la peke yake. Ruvuma inapakana na Ziwa Nyasa, ambalo liko ndani ya Bonde la Ufa, na mitikiso hutokea mara kwa mara katika ukanda huo. Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, liliua watu 17, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba. Baada ya mtikiso wa kwanza hufuata mingine midogo kwa siku kadhaa, na ndiyo maana watu huelekezwa kukaa mahali pa wazi. Anayeondoka katika nyumba yenye nyufa na kuingia pangoni amebadilisha ukuta wa tofali kwa dari ya mawe ya tani nyingi.

Kuhusu radi, wengi hushangaa kusikia kwamba mdomo wa pango si salama. Umeme wa radi ukipiga kilima hutafuta njia ya kushuka ardhini kupitia uso wa mwamba uliolowa, na unapofika kwenye uwazi huweza kuruka kutoka darini hadi sakafuni. Mtu aliyesimama mlangoni, au aliyeegemea ukuta, huwa daraja la umeme huo. Jengo kamili lenye kuta na paa, au gari lenye bodi ya bati lililofungwa vioo, ni bora zaidi. Kama hakuna hata kimoja, ni afadhali kushuka kutoka kilimani, kujitenga na mti uliosimama peke yake, kuweka chini jembe na vyuma vingine, na kuchuchumaa miguu ikiwa pamoja mahali pasipotuama maji. Kulala chifudifudi hakushauriwi, kwa kuwa mwili mzima hugusa ardhi inayopitisha umeme. Kundi la watu nalo litawanyike, wasikumbatiane.

Moto kichaa wa miezi ya kiangazi huzua wazo lilelile la kushuka shimoni, na jibu ni lilelile. Moshi huingia katika uwazi wowote na moto huvuta hewa kutoka humo. Shamba lililolimwa na kubaki udongo mtupu, au eneo ambalo moto umekwisha kulipitia na kupoa, hulinda kuliko shimo.

Ipo pia hatari inayobaki na mtu baada ya kutoka. Popo wala matunda wanaoishi kwa makundi makubwa mapangoni na migodini ndio wanaotambuliwa na wanasayansi kuwa hifadhi ya asili ya kirusi cha Marburg. Kati ya mwaka 1998 na 2000, eneo la Durba, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilipata mlipuko uliohusishwa na wachimbaji wa dhahabu: watu 154 waliugua na 128 kati yao wakafariki, na ugonjwa ulikoma baada ya mgodi wa Goroumbwa kufurika maji. Nchini Uganda, wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua mwaka 2007, na mwaka uliofuata watalii wawili waliolitembelea pango la popo katika msitu wa Maramagambo kwa nyakati tofauti waliugua, mmoja alifariki. Tanzania yenyewe ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera Machi 2023, na mwingine katika Wilaya ya Biharamulo Januari 2025. Milipuko yote miwili ilidhibitiwa, wa kwanza ukitangazwa kwisha Juni 2, 2023 na wa pili Machi 13, 2025.

Popo si adui wa kuangamizwa. Huchavusha miti na kusambaza mbegu, na kuwafukuza kwa moshi huwatawanya tu. Tahadhari inayofaa ni kutoingia makazi yao. Yeyote aliyelala katika pango lenye popo na akapata homa kali ndani ya siku 21 anapaswa kumweleza mhudumu wa afya alikokuwa. Taarifa hiyo moja huweza kubadilisha namna anavyohudumiwa na namna wahudumu wanavyojikinga. Vumbi la kinyesi cha popo nalo lina kuvu wanaoshambulia mapafu, hata pasipo kirusi chochote.

Mtu anaweza kuuliza mbona historia inaonesha watu wengi waliookolewa na mashimo. Swali ni halali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maelfu ya wakazi wa London walilala katika machimbo ya kale ya chokaa ya Chislehurst, kusini mashariki mwa jiji hilo, wakijikinga na mabomu. Idadi yao ilifikia 15,000 kwa usiku mmoja. Lakini machimbo hayo yalifungwa taa za umeme, yakawekewa vyoo, maji, zahanati, hewa safi na watu wa kusimamia nani analala wapi. Kilichowalinda ni maandalizi ya miezi, pamoja na ukweli kwamba hatari yao ilitoka angani kwa mabomu. Shimo lililoachwa porini halina hata kimoja kati ya hivyo.

Mfano mwingine unaotajwa sana ni wa Nyangalata mkoani Shinyanga. Wachimbaji watano walitolewa hai Novemba 15, 2015 baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi, wakiishi kwa maji yaliyodondoka na wadudu na mizizi waliyoipata. Mwenzao mmoja alikuwa amekwisha kufariki humo. Habari hiyo iliipa nchi furaha, na inastahili. Hata hivyo walikuwa watu wa kazi hiyo, waliolijua shimo lao, na bado waliokolewa wakati wengi walikuwa wamekata tamaa juu yao. Mkulima au mtoto aliyeingia katika shimo la kigeni hana ujuzi huo, na huenda hakuna anayejua kwamba yumo.

Utaratibu wa nchi unaelekeza kimbilio liandaliwe kabla ya maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Kamati ya kijiji ndiyo yenye nafasi ya kujua darasa lipi lina paa imara, kanisa, msikiti au ofisi ipi iko mbali na mkondo wa maji, na nani mwenye ufunguo usiku wa manane. Peramiho, yenye majengo ya tofali yaliyodumu kwa vizazi, hospitali na shule, ina nafuu ambayo vijiji vingi havina. Nafuu hiyo hupotea iwapo mwananchi hajui ni mlango gani wa kukimbilia, na swali hilo linafaa kuulizwa katika mkutano wa kijiji wakati wa kiangazi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano zijazo kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zikiambatana na rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Kwa mkulima mwenye shamba la mbali, tangazo hilo lina maana ya moja kwa moja: siku ya tahadhari ni siku ya kurudi nyumbani mapema, au ya kulima shamba la karibu. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipoelekea kaskazini mwa Msumbiji, wakazi wa mwambao wa Mtwara walitakiwa kuhamia maeneo yaliyoainishwa kabla upepo haujafika. Muda huo wa kabla ndio wenye thamani.

Mashimo yaliyoachwa wazi nayo hayapaswi kuzoeleka. Kanuni za usalama migodini zinamtaka mwenye leseni aache eneo lake katika hali isiyohatarisha watu. Anayeona shimo lisilo na uzio karibu na njia, shule au malisho atoe taarifa kwa Serikali ya Kijiji au ofisi ya Afisa Madini Mkazi, na wakati akisubiri, jamii inaweza kuzungushia miiba na kuweka alama. Watoto wanaochunga wanahitaji kuambiwa kwa jina ni mashimo gani wasiyakaribie, kwa kuwa wao ndio huyajua yote.

Ikitokea mtu ameingia shimoni na hatoki au haitiki, asifuatwe. Katika ajali nyingi za hewa chafu, waliokufa baada ya yule wa kwanza ni ndugu na majirani walioshuka kumtoa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidhani mwenzake ameteleza tu. Piga simu bila malipo namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au 112 ya Polisi, kisha mjulishe Mwenyekiti wa Kijiji. Waokoaji watahitaji kujua idadi ya walio ndani, saa walipoingia, kama kuna moto au mashine iliyokuwa ikifanya kazi humo, na kama shimo lina mdomo mwingine. Aliye juu aendelee kuita, azuie watu kukanyaga kingo za shimo, achimbe mfereji wa kuyageuza maji ya mvua kama anaweza kufanya hivyo kwa usalama, na asiwashe moto wala kuvuta sigara karibu na mdomo wake.